Mtu wa Mwisho Kutoka Jebel Ali

Haya, nimekaa. Tangu nirudi Voi sijapata kuisimulia habari hii mpaka mwisho. Kila nikianza mmoja wenu anadakia kuuliza yule bibi wa kwenye picha ni nani, mwingine anataka kujua Mganda alipata wapi makubadhi ya kitajiri, chai inapoa, na mimi nasahau nilikuwa nimefika wapi. Kwa hiyo nimeandika. Someni kimya kimya, mkimaliza ndiyo mniletee hayo maswali yenu.

Mnajua kwamba kule Naif, Dubai, nafanya kazi kwenye duka la mizigo, napakia viatu na nguo za wafanyabiashara wanaopeleka Nairobi, Kampala na Dar. Mnajua pia kwamba mume wa dada yangu Mkala, shemeji Mwadime, alikuwa sajini jeshini kabla ya kwenda Dubai kulinda maghala. Ambacho wengi hamjui, na Mkala ameniruhusu niseme, ni kwamba likizo yake ya mwisho hapa nyumbani haikuwa likizo. Shemeji alitoa kiti, akakiweka barazani kikitazama geti, akakikalia. Giza likiingia yuko pale, kukicha yuko pale. Kitandani hakulala hata siku moja. Watoto wakajifunza kunyata ndani ya nyumba yao wenyewe. Alipoondoka, Mkala alinipigia simu analia, akasema likizo ijayo anataka aje mume wake, hataki aje mlinzi.

Ndipo ikaja habari ya matembezi. Walinzi wengi wa kwetu kule Dubai ni wanajeshi wastaafu, na wengi wametoka huko walikotoka na mambo yasiyowatoka kichwani. Watu wa Afrika Mashariki wakaandaa matembezi ya hisani kwa ajili yao, kutoka Jebel Ali mpaka Al Jaddaf, siku nzima kwa miguu. Mwisho wa njia litakuwepo hema, na ndani yake daktari wa maradhi ya akili anayesema Kiswahili, yeyote aliyetembea akae naye wazungumze. Nilimbembeleza shemeji mpaka ulimi ukauma. Mwisho akanipa ahadi: atatembea, na akifika ataingia kwenye hema. Lakini hema litafungwa jua likizama. Shikeni hapo, maana ndipo roho yangu ilipokuwa siku nzima. Habari za kujiandikisha na vibali naziruka, hazina utamu.

Naif hadi Jebel Ali

Tulitoka Naif maduka yakiwa bado yamefungwa, mimi na Wasswa. Wasswa ni mlinzi mwenzake shemeji, mwanajeshi wa zamani kutoka Masaka, mtu mkubwa mwenye sauti ndogo, na siku hiyo alikuwa na mapumziko. Mimi nilibeba chapati na mayai ya kuchemsha, kwa sababu safari isiyo na chakula siiamini. Sasa, ndani ya metro ya Dubai huruhusiwi kula hata pipi, utatozwa faini. Nami sikula. Lakini mayai, jamani, mayai hayana siri. Kuanzia stesheni ya Union watu walianza kutazamana. Mzee mmoja wa Kihindi akainama kuangalia soli za viatu vyake. Mimi nikamtupia Wasswa jicho la lawama, behewa zima likamgeukia Wasswa, nikapumua.

Wasswa hata hakuona, alikuwa na shida yake. Alivaa raba mpya alizochukua dukani kwetu, na tangu kwenye ngazi nilimwona kila akienda mbele anaelekea upande. Nikamwambia anyooshe miguu. Raba zote mbili zilikuwa za mguu wa kushoto. Msinicheke. Dukani tunaweka kiatu kimoja kimoja kwenye rafu, vingine vinakaa kwenye maboksi, na vile vya kulia vilikuwa vimeshapakiwa kwenda Kampala. Nilimwambia avijaribu vyote viwili. Yeye alijaribu kimoja, akasema jeshini mtu hajaribu viatu, anapewa. Basi nikamwambia atembee navyo hivyo hivyo kijeshi.

Jebel Ali, tunangoja

Shemeji alikuwa zamu ya usiku kwenye ghala moja upande wa viwandani. Tulipofika geti lake tayari alikuwa amechana nywele na kuvaa kile kizibao cha kijani cha kumeremeta ambacho watembeaji wote walipewa, lakini haondoki. Wa kumpokea hajafika. Ghala lenyewe lilikuwa tupu. Vigae vilivyokuwamo vilishahamishwa, kilichobaki ni kuta na paka. Nikamwambia twende zetu, mwizi akija atakutana na paka. Akanitazama kwa ule upole wake wote, akasema lindo haliachwi mpaka lipokelewe.

Tukangoja. Nikala yai. Wasswa akakaa chini, akavua viatu, akavibadilisha cha huku kuwa huku, akavivaa tena, akasema sasa vinauma kwa namna nyingine.

Mara akaja Mnepali, anakimbia, mkanda mkononi. Nikafikiri khalas, basi, tumetoka. Wapi! Walizunguka ghala lote, kufuli moja moja, wakamtazama hata paka. Halafu wakasimama wakielekeana. Shemeji akasema hali ni shwari. Yule Mnepali, ambaye Kiswahili chake chote ni neno moja alilofundishwa na shemeji, akajibu, "Nimepokea." Hapo nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona: mabega ya shemeji yalishuka. Kidogo tu, upana wa kidole, kisha yakapanda tena tulipotoka getini.

Uwanjani pa kuanzia watu walikuwa wameshaondoka zamani. Amebaki mama mmoja Mkenya, msimamizi, amesimama na kipaza sauti na bendera ndogo ya kijani, anatafuta wa kumwachia bendera akanywe chai. Akamwambia shemeji kwamba kwa kuwa tumekuwa wa mwisho, basi ashike yeye. Mwenye bendera anakaa nyuma ya kila mtu. Yeyote mwenye kizibao cha kijani asimpite, asimwache. Nadhani alisema tu ili aseme. Lakini shemeji alibana visigino, akapiga saluti, na mimi nikajua tumekwisha.

Karibu na Ibn Battuta, wageni

Tulikwenda vizuri mpaka tulipofika kwenye lile jengo kubwa la maduka la Ibn Battuta. Pale nje lilikuwa limesimama basi la watalii, wazee wa Kichina, kila mmoja na kofia na chupa ya maji ya moto. Kumbe kiongozi wao naye alikuwa na bendera ya kijani, ameingia msalani. Wazee wakaiona bendera ya shemeji inapita, wakajipanga nyuma yake.

Mimi nilicheka mpaka nikashika nguzo. Shemeji hakucheka. Alisimama ili wampite, nao wakasimama. Akaenda, wakaenda. Akawaonyesha kwa mkono wapite mbele, wakampiga picha. Jasho likamtoka ilhali asubuhi ile ilikuwa ya baridi, na jicho likawa linakwenda nyuma, mbele, nyuma. Nikaacha kucheka. Mwisho akawazunguka, akawasukuma kwa adabu mmoja mmoja mpaka wote wakawa mbele yetu, na hivyo ndivyo tulivyotembea, sisi watatu tukichunga kundi la wazee wa Kichina kuelekea Al Jaddaf. Wasswa alishaanza kumfundisha mmoja kusema "pole pole". Kiongozi wao alitufikia baadaye anakimbia na bendera yake, akatutukana kwa Kichina, na sitamlaumu.

Nikatazama jua. Lilikuwa bado chini, nikajipa moyo.

Al Barsha, mizunguko

Al Barsha kuna bustani yenye bwawa, na njia ya watembeao imelizunguka bwawa hilo duara. Sisi tulitakiwa tupite ubavuni tu na kwenda zetu. Lakini mbele yetu, polepole, alikuwa anatembea bibi mmoja mwenye baibui jeusi, bakora mkononi, na juu ya baibui amevaa kizibao cha kijani cha kumeremeta.

Shemeji akapunguza mwendo. Nikamwuliza huyu naye ni wetu. Akanijibu, si hicho kizibao? Tukamfuata.

Bibi akafuata njia ya bwawa, nasi nyuma yake. Akageuka akatuona, akakaza uso, akaongeza mwendo. Tukazunguka bwawa tukarudi pale pale tulipoanzia. Nikadhani sasa atatoka. Hakutoka, alianza mzunguko mwingine. Mimi nikamwambia shemeji huyu bibi anafanya mazoezi yake tu, huyu hata hatujui. Akasema mtu mzee ndiye wa kwanza kuachwa nyuma. Tukazunguka tena. Bata walikuwa wameshatuzoea. Wasswa, kwa vile viatu vyake, mizunguko ya kushoto ilimfaa, akasema hapa ndipo mahali pa kwanza anapotembea bila taabu, hata yeye tumwache hapa.

Lakini jua lilikuwa linapanda, na mimi hasira zinapanda nalo. Nikawaza nimwite yule bibi, nikaona haya. Bibi naye kila akigeuka anamwona yule mwanamume mrefu na bendera, kimya, nyuma yake. Mwisho akatoka kwa hasira, akavuka barabara, akaingia mtaa wa nyumba kubwa kubwa, akafika kwenye geti lake, akageuka na bakora juu.

"Nenda kamwambie Nassor kuwa mamake hajawa mtoto," alisema. "Nimeshamkataza kunitilia mlinzi. Mie nimezunguka leo mpaka magoti yanalia ili uchoke wewe, na wewe huchoki!"

Kiunguja hicho, katikati ya Al Barsha. Shemeji akamwamkia shikamoo, akamwambia hamjui Nassor, ila kama anaacha matembezi basi aseme kwa kinywa chake, ili yeye aweze kuendelea. Bibi akauliza matembezi gani. Nikaingilia kati maana hawa wangekesha. Ikajulikana hivi: Nassor ni mwanawe, kizibao kile ndiye aliyemlazimisha kukivaa baada ya kuanguka mwaka jana, na akamtishia kwamba akiendelea kutembea peke yake atamwekea mtu wa kumfuata. Na yeye bibi alitaka kumkomesha mtu huyo. Alipoelewa, alicheka mpaka ikabidi ashike geti. Akatuambia yeye ni Bi Rukia, na kwamba hakuna mtu aliyemzungusha bwawa kiasi kile tangu marehemu mumewe alipokuwa anamposa.

Nyumbani kwa Bi Rukia

Nilisema tuna haraka. Bi Rukia alisema haraka gani, na tumeshaingia. Na kwa kweli, ile harufu ya iliki ilinivua viatu bila mimi kujua.

Wenzangu, sijui nianzie wapi. Mbaazi za nazi. Mkate wa ufuta moto. Chapati za kumimina, laini. Chai ya maziwa iliyokolea mpaka kijiko kinasita. Nilikula nikasahau Kenya na Dubai. Wasswa alikula akiwa ameweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, na Bi Rukia, alipoziona raba mbili za kushoto, alinitazama mimi moja kwa moja, sijui alijuaje. Akaenda chumbani, akatoka na makubadhi ya ngozi ya Nassor, mazuri yale wanayovaa Waarabu na kanzu, akamvalisha Wasswa. Yalimkaa sawasawa. Tangu hapo Wasswa akawa anatembea kiarbab, kama tajiri mwenye duka.

Nilikwenda jikoni kuongeza chai, na ndipo niliposikia. Bi Rukia alimwuliza shemeji, bila kuzunguka, kwa nini anapenda kukaa nyuma. Miaka yote mimi sijathubutu kumwuliza swali la namna hiyo, wala Mkala hajathubutu. Bibi yeye aliuliza huku anamega mkate.

Shemeji akaweka kikombe chini. Halafu akasema polepole kwamba siku moja, kule walikokuwa, aliwekwa mbele ya kikosi, na nyuma kabisa alikuwa koplo wake, kijana aliyempenda kama mdogo wake. "Nilipogeuka, hayupo," alisema. Basi. Tangu siku hiyo, akiwa na mtu nyuma yake hawezi kupumua. Na akikaa nyumbani, geti likiwa halina mtu, anaona ni yeye ndiye ameliacha. Lindo lile hajapata mtu wa kumpokea.

Nilisimama na birika mlangoni, machozi yananitoka, nikawaza dada yangu na kile kiti. Bi Rukia hakumwambia pole wala hakumwambia asijali. Alimwuliza tu huko kwenye ulinzi mnapokezana vipi, mnasema nini, na shemeji akamweleza yote, mpaka na yule Mnepali na paka. Bibi akasikiliza kwa makini, akamwongezea mbaazi.

Adhana ya adhuhuri ilipoadhiniwa tukasimama kuaga. Shemeji akamwuliza kwa heshima zote: sasa bibi, umeacha au hujaacha? Bi Rukia akasema hajaacha, nani kasema kaacha, ataswali, atapumzisha magoti, na atamaliza. Nikamkonyeza ili aseme ameacha. Akaniona, akageuka kando.

Al Quoz, kuta

Hapa ndipo nilipotaka kulia tena, lakini kwa hasira. Al Quoz ni magereji na maghala, ukuta baada ya ukuta, na kila ukuta una geti, na kila geti lina mlinzi, na nusu ya walinzi hao ni watu wa kwetu. Habari za mwenye bendera zilikuwa zimetutangulia kwa simu. Wenyewe walitaka sana kutembea siku hiyo lakini wako kazini na hawawezi kuacha lindo. Basi wakabuni lao. Kila mlinzi alikuwa anatungoja mwanzo wa ukuta wake, anatembea nasi mpaka mwisho wa ukuta wake, hapo anasimama wima, na mlinzi wa ukuta unaofuata anatupokea.

Ni jambo zuri, najua ni zuri, nalisema kwa moyo wote. Lakini kila mmoja alikuwa na karak, ile chai nzito ya maziwa ya kule, kwenye kikombe cha karatasi, na kila mmoja alikuwa na jambo la kumwambia Sajini. Mmoja wa Bungoma alitembea nasi bila neno, alipofika kwenye kona yake akasema naye hulala ameketi. Shemeji akamshika bega. Mwingine wa Gulu aliimba wimbo wa kuchapa mguu, Wasswa akaujua, wakaimba ukuta mzima na makubadhi yakichapa. Mwingine hakuwa mwanajeshi kabisa, alikuwa mpishi wa zamani kutoka Kisii, lakini akasema ukuta wake hautarukwa. Nilikunywa karak saba, au labda nane. Sitasimulia nilivyotafuta choo Al Quoz, hata mkiniomba.

Na jua, wenzangu, jua lilikuwa limeanza kushuka. Nilimwambia shemeji tukimbie. Akasema mwenye bendera hakimbii, maana akikimbia anawakimbiza walio mbele. Mbele hapakuwa na mtu hata mmoja. Nilimwambia hivyo. Akasema Bi Rukia hajaacha. Nikamwambia Bi Rukia amelala kitandani kwake na shuka la maua. Akasema basi hajui yuko mbele au yuko nyuma, na hilo ndilo linalomtesa. Nikamfuata, maana niliona kwamba hatanii.

Al Jaddaf

Tuliingia Al Jaddaf mwanga ukiwa umeshageuka rangi ya machungwa. Upande mmoja majengo marefu mapya, upande mwingine yadi wanakochonga majahazi, misumari inagongwa, na katikati, pembeni mwa maji, utepe wetu wa kumalizia. Watu walikuwa wanakusanya viti. Hema lilikuwa limelazwa chini, vijana wawili wanalikunja. Moyo ulinishuka mpaka kwenye soli.

Nilikimbia, mimi na karak zangu zote. Nikamkuta mwanamke amekaa juu ya sanduku la barafu anakunja kamba ya kitambulisho chake. Nikamwuliza daktari yuko wapi. Akasema ni yeye, anaitwa Daktari Neema, kwao Moshi, na gari linamngoja. Nikamweleza bila kupumua, sijui nilisema nini, nilitaja hata paka. Akashusha mkoba. Akasema hema si lazima, sanduku hili linatosha watu wawili, aje.

Nikageuka kumwita shemeji. Shemeji alikuwa amesimama hatua chache kabla ya utepe na hasogei. Wasswa ameshavuka, amekaa kitini. Nikamwita. Akatikisa kichwa. Kuna mtu nyuma, alisema.

Na kweli. Gari kubwa jeupe lilikuwa limesimama kando ya barabara, na kutoka ndani anateremka Bi Rukia, kizibao juu, bakora mbele, na nyuma yake mwanamume wa makamo mwenye kanzu nyeupe, pekupeku kidogo: amevaa ndara za bafuni. Huyo ndiye Nassor. Macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye miguu ya Wasswa. Wasswa akaificha chini ya kiti.

Bi Rukia alitembea polepole mpaka akamfikia shemeji, akasimama nyuma yake. Shemeji akampisha apite. Hakupita. Akamwambia, bibi, tangulia, amri ni mimi niwe wa mwisho. Bi Rukia akasema yeye hakuja kumaliza, amekuja zamu.

"Nikabidhi," alisema.

Shemeji akamwambia lindo hili si la mtu mzima kama yeye. Bi Rukia akasema amezaa saba, amekesha na wote, hakuna lindo asilolijua. Akanyoosha mkono. Hata vijana wa hema waliacha kukunja. Jua lilikuwa limebaki ukucha.

Shemeji alibana visigino. "Walio mbele wote wamefika," alisema. "Nyuma hakuna mtu. Hali ni shwari."

"Nimepokea," Bi Rukia akasema, na akaichukua bendera.

Nilimwona shemeji hajui afanye nini na mkono usio na bendera. Akaenda hatua moja, akageuka. Yupo. Akaenda mbili, akageuka tena. Yupo, ameegemea bakora, bendera juu. Mara ya tatu Bi Rukia akamwambia aende tu, yeye haendi popote, hayo magoti yenyewe yameshakataa. Shemeji akacheka na kulia kwa pamoja, na hapo ndipo Nassor alipopiga ile picha mnayoniuliza kila siku. Kisha akavuka utepe, akaenda kukaa kwenye sanduku la barafu pamoja na daktari, mgongo wake ukiwa umetuelekea sisi sote.

Walikaa mpaka taa za barabarani zikawaka. Gari la daktari lilingoja. Mimi nilikula chapati ya mwisho na Nassor, ambaye alikuwa na hasira na njaa. Alipomwomba Wasswa makubadhi yake, mamake alimkata jicho, na Wasswa akabaki nayo mpaka leo.

Voi

Mengine mmeyaona wenyewe. Shemeji alikuja likizo pamoja nami. Bado anaongea na Daktari Neema kwa simu kila wiki, na kuna siku anarudi kutoka kwenye simu hiyo hataki kusema na mtu, tunamwacha. Msidhani amepona kwa kutembea. Siku ya kwanza tu alitoa kiti, akakiweka barazani, kikatazama geti. Mkala akaingia ndani, nikamsikia anavunja vyombo kwa kuviosha.

Tulipomaliza kula simu ikalia. Ni Bi Rukia, kutoka Al Barsha. Anapiga kila siku baada ya isha, hata leo atapiga. Shemeji anasimama wima pale barazani, anamwambia geti limefungwa, watoto wote wamo ndani, hali ni shwari. Bibi anasema amepokea. Shemeji anakwenda hatua mbili kuelekea mlangoni, anasimama, anaiweka simu sikioni tena.

"Upo?"

"Nipo, mwanangu. Kalale."

Naye anaingia chumbani kwa mkewe. Kile kiti nimekichukua mimi, nimeweka miguu kwenye beseni la chumvi, na asiniombe mtu.